Nguo ya Mpira ya Kukulia

Juzi nilikuwa nimepiga magoti sakafuni, nyumbani kwetu Kitendaguro, Bukoba, nikihangaika na zipu mgongoni kwa binti yangu. Zipu imegoma. Tulikuwa tumeagiza kutoka Dar es Salaam ile nguo nzito ya mpira wanayovaa watu wanaoogelea kwenye maji makubwa, ikaja kwa basi, imefungwa vizuri, na nilikuwa nimempima mwenyewe kwa futi ya fundi. Lakini wewe unawajua watoto wa miaka kumi na mitatu. Kati ya siku ya kupimwa na siku ya mzigo kufika, mwenzako ameshaongezeka. Mikono ya nguo imeishia juu ya vifundo, miguu vilevile, na mwenyewe anahema kwa shida, ananiambia, "Mama, inanikaba shingo." Nikacheka sana. Halafu, sijui ilikuwaje, nikajikuta nalia palepale chini, mtoto ananitazama kupitia kioo, hajui amekosa nini.

Hakuwa amekosa kitu. Nilikuwa nalilia nguo nyingine ya aina hiyohiyo, nyeusi, nene, ambayo shida yake ilikuwa kinyume cha hii. Ngoja nikusimulie, maana hata mume wangu sijawahi kumweleza yote.

Nililelewa na bibi, mama yake baba. Wazazi wangu walikuwa kazini Mwanza, mimi nikaachwa hapa nisome na nimsaidie bibi kuteka maji na kupalilia kibanja. Kibanja ni hili shamba la migomba linalozunguka nyumba ya Mhaya, na chetu hakikuwa kikubwa, lakini kilikuwa na kila kitu: migomba, mibuni katikati ya migomba, maharage, na mparachichi mmoja uliozaa hadi tukawa tunagawa. Asubuhi niliamshwa na fagio la bibi uani. Baadaye nilimsikia anachochea moto, moshi unapenya juu ya ukuta mpaka chumbani kwangu, na harufu ya ndizi za jana zikipashwa moto pamoja na maharage. Nilikula nikiwa nimesimama, kwa sababu sikuzote nilikuwa nimechelewa shule, na kila siku aliniambia kwamba chakula cha kusimama kinaishia miguuni. Nadhani ndiyo maana nilikuwa mrefu na mwembamba hivi.

Ukisimama kwenye ukingo wa kibanja, upande wa chini, uliliona ziwa lote, na kile kisiwa kilicho mbele ya mji wa Bukoba. Wageni walikuwa wakifika pale wanasema, jamani, mnaishi pazuri! Bibi aliendelea na kazi yake. Kigoda chake alikiweka sikuzote akiwa amelipa ziwa mgongo, iwe anamenya ndizi, iwe anachambua kahawa, iwe anaimba nyimbo zake za kanisani.

Sababu ilikuwa baba mdogo, kitinda mimba wake. Alikufa maji kabla mimi sijazaliwa. Alikuwa akienda visiwani kununua samaki, na siku hiyo alikuwa akirudi, ameshakaribia nchi kavu, anaonekana kabisa, watu wa ufukweni wanamuita kwa jina, ndipo mtumbwi ukapinduka. Hakujua kuogelea. Hao waliokuwa wakimuita nao hawakujua. Utashangaa, lakini ndivyo tulivyo: ziwa tunaamka nalo na kulala nalo, ila sisi ni watu wa migomba, na ukiwauliza wazee wetu nani anajua kuogelea watakuonyesha watoto wa wavuvi. Tangu wamzike mwanawe, bibi hakukanyaga tena ufukweni, na samaki hakuingia jikoni mwake. Jirani akikaanga dagaa, bibi anafunga dirisha.

Sasa mwaka nilipofika umri huu wa binti yangu, shuleni kwetu alihamia mwalimu wa kike aliyependa maji kupita kiasi. Jumamosi alfajiri alikuwa ziwani. Akaanza kuwafundisha watoto waliotaka, na mimi, kwa moyo wote, nilitaka. Sikuthubutu kumwambia bibi, kwa hiyo mwalimu alipanda mwenyewe mpaka nyumbani. Akapewa kigoda, akapewa kahawa, akaeleza. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nasikiliza. Bibi aliendelea kuchambua kahawa mpaka nikadhani hakusikia.

"Akishajua," akauliza hatimaye, "mtumbwi ukipinduka, ataweza kurudi?"

"Ataweza, mama. Ndicho ninachowafundisha."

"Basi mchukue. Nataka mmoja wetu ajue kurudi." Kisha akaongeza upesi, kwa sauti yake ya kila siku, "Ila mimi msiniite huko chini. Mimi ni Mlutheri, maji yangu ni yale ya kunyunyiziwa kichwani, yananitosha."

Nikaanza. Weee, raha niliyoipata! Ila kulikuwa na tatizo, nalo ni baridi. Ziwa letu si barafu, mwenzangu, lakini alfajiri kuna upepo unaotoka majini, na mtoto asiye na nyama mwilini anatetemeka kabla hajalowa magoti. Wenzangu walikwenda mpaka kwenye mitumbwi iliyotia nanga, wakaizunguka, wakarudi wanacheka. Mimi midomo ilikuwa imebadilika rangi, meno yanagongana, mwalimu ananitoa ananifunika taulo. Akamtumia bibi ujumbe kwamba hawezi kunipeleka maji makubwa hivi, mwili unakaza. Nitafutiwe nguo ya mpira kama ile aliyokuwa akiivaa yeye.

Bibi hakuwa amewahi kuiona nguo hiyo. Lakini aliichukua kazi ya kuitafuta kama vile ameagizwa na kanisa. Kwanza alinipima. Alichuna kamba ya mgomba mkavu, akanisimamisha mlangoni, akaivuta kutoka begani mpaka kwenye kifundo cha mguu, akapiga fundo. Akapima mkono, fundo jingine. Kifua, fundo. Na kila alipomaliza, alikunjua kiganja chake kikavu na kuongeza shibiri nzima.

Hiyo shibiri ndiyo habari yenyewe. Kwetu mtoto hanunuliwi nguo ya leo, ananunuliwa nguo ya kukulia. Sweta langu la darasa la kwanza lilifika magotini. Gauni langu la kipaimara lilinunuliwa nikiwa bado sijaanza mafundisho. Viatu vya shule vilijazwa magazeti mbele, na kila muhula tulipunguza gazeti kidogo, mpaka siku moja mguu unagusa mwisho wa kiatu na unajisikia umekuwa mtu mzima. Hakuna aliyeona vibaya. Nguo inayomtosha mtoto kabisa ilikuwa ni ubadhirifu, au ishara kwamba wazazi hawatarajii akue.

Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa na meza ya mitumba sokoni Muleba. Bibi akapanda basi, kamba ya mgomba imefungwa kwenye ncha ya kitenge, akamwambia binti yake kwamba kila belo likifunguliwa aangalie. Shangazi alidhani mama yake amechanganyikiwa. "Mama, watu wanataka mashati na masweta, wewe unataka ngozi ya mamba?" Lakini alitafuta. Bibi alikwenda tena, na tena. Likizo ikaja nami nikafuatana naye. Tulikaa chini ya turubai, jua linatuwakia visigino, tunakula mahindi ya kuchoma, tunaangalia wanavyokata kamba za belo na nguo zinavyofura zikitoka, na ile harufu ya nguo za mitumba ambayo nikiisikia hata leo nasimama.

Ikatoka siku ambayo hatukuitarajia, ikiwa imeviringwa ndani ya makoti. Shangazi aliiinua kwa vidole viwili. "Hii ni nini, suruali iliyooana na koti?" Mzee mmoja akataka kuichukua akakatie kiti cha pikipiki. Bibi, ambaye alikuwa hainuki mahali bila kushika kiuno na kulalamika, alikuwa ameshafika. Aliitandaza juu ya meza, akafungua kitenge, akalaza kamba yake juu yake, fundo kwa fundo.

"Inatosha na kubaki," akasema.

"Mama, hii ni ya mwanamume mzima!"

"Atakua humo."

Ndani ya basi aliipakata mpaka Bukoba. Nyumbani akanivisha palepale sebuleni. Mikono ilinifunika vidole, miguu ikajikunja juu ya sakafu, na kiunoni aliweza kukamata mkunjo mkubwa ukajaa ngumi. Alirudi nyuma akanitazama kwa furaha ambayo sikuizoea usoni mwake. Ndipo akasema neno ambalo sijalisahau. "Mwana wange, siku nitakayovuta hapa kiunoni nikakosa cha kushika, siku hiyo nitashuka ziwani mwenyewe nikuone ukienda na kurudi."

Unaelewa maana yake? Mwanamke aliyelipa ziwa mgongo miaka yote ile. Mimi nilielewa. Usiku huohuo nilianza kuomba Mungu aninenepeshe.

Jumamosi iliyofuata nikaingia nayo majini kwa mbwembwe. Haikuchukua muda. Maji yalinimiminikia shingoni, yakateremka mgongoni, yakajaa kwenye miguu ikavimba, nikawa mzito siwezi kuinua goti. Mwalimu alinikamata begani akanikokota mchangani huku anacheka na kukasirika kwa pamoja. "Hii si nguo, hii ni ndoo! Nguo ya mpira inatakiwa ikushike mwilini. Ikiwa kubwa inabeba maji, na baridi ni ileile." Akamwomba bibi aipeleke kwa fundi ipunguzwe.

Bibi alishangaa kwa dhati. "Nikiikata leo, mwakani nitamrefushia kwa kitu gani?" Akaikunja akairudisha sandukuni, na katika jambo hilo hakuna mtu angemgeuza, hata mchungaji.

Na mimi nilikuwa upande wa nani? Wa bibi, bila shaka. Nikipunguziwa nguo, nitakwenda maji makubwa, lakini yeye hatakuja. Mwalimu akatafuta njia ya kati: akakata vipande vya mpira wa baiskeli, akanifunga navyo kwenye vifundo, magotini na kiunoni, nikawa kama mzigo wa kuni. Hivyo maji yaliingia polepole, nami nikajifunza kwenye maji ya kifuani, kila Jumamosi, nikiwaangalia wenzangu wakienda mbali.

Basi nyumbani ikawa ni kunikuza. Maziwa, parachichi, ndizi sahani mbili. Na siku moja nimerudi shule, nikiwa bado njiani kati ya migomba, nikasikia harufu nikadhani ni kwa jirani. Nikafika jikoni. Bibi alikuwa ameinama juu ya chungu, macho mekundu, na ndani ya chungu kulikuwa na sato. Sato mzima, kwenye nyanya na majani ya bizari, jikoni kwa bibi!

"Wanasema samaki anakuza," akaniambia, hanitazami. "Kula. Mimi nimeshiba."

Nilimla yule samaki huku machozi yananitiririka, na yeye alikaa mlangoni akiangalia migomba mpaka nilipomaliza. Tangu hapo alinipikia kila Ijumaa. Yeye hakuonja hata mchuzi.

Kila baada ya muda nilivaa, naye anavuta kiunoni. Bado. Nilirefuka, ndiyo, mikono ilianza kutoa vidole, kisha kiganja. Lakini upana haukuja. Bado, mjukuu wangu. Hatukuwa na wasiwasi. Nguo ya kukulia haina haraka, na bibi tulimwona kama mtu ambaye atakuwepo.

Mwaka uliofuata miguu yake ikaanza kuvimba. Akaacha kwenda kanisani kwa miguu, kisha akaacha kupalilia, kisha kigoda kikahamia ndani. Hospitali walimpa dawa, akarudi, akaenda tena. Baba akaja kutoka Mwanza akakaa, jambo ambalo lilinitisha kuliko ugonjwa wenyewe. Ilikuwa msimu wa senene, wale panzi wetu wa kukaanga. Mji mzima ulikuwa unawaka taa za kuwatega, watoto wanakimbia na ndoo, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka karibu na kitanda chake nachambua mbawa, kwa sababu alisema anatamani senene wa kukaangwa na mimi.

"Lete ile nguo," akasema.

Nikaivaa. Mikono ilikuwa imefika mahali pake barabara. Miguu imefika. Nikasogea kitandani, naye akanyoosha mkono, na mimi nikavuta pumzi, nikajaza tumbo kwa nguvu zangu zote, nikabana.

Akacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa kidogo, kikaishia kwenye kikohozi. "Toa hewa, mwana wange." Nikatoa. Vidole vyake vikapata mkunjo mdogo tu, wa kubanwa kwa ncha mbili. Akaushika pale muda mrefu.

"Imebaki kidogo," akasema. "Kidogo sana."

Alifariki siku chache baadaye nikiwa darasani. Niliitwa, nikapanda kilima nakimbia, na nilipoona watu wameanza kuingiza nyasi za kutandika sebuleni, kama tufanyavyo kwenye msiba, nikajua sina haja ya kuuliza. Nililia kwa hasira, sikufichi. Nilimwonea hasira yeye kwa kuongeza shibiri, nikauonea hasira mwili wangu kwa uvivu wake, nikamwonea hasira hata Mungu niliyemwomba aninenepeshe. Tulimzika kwenye kibanja, kando ya baba mdogo. Matanga yalipokwisha baba akanichukua Mwanza, na nguo nikaibeba chini ya begi.

Likizo ya katikati ya mwaka nilirudi Kitendaguro kwa shangazi, aliyekuwa amehamia pale kuitunza nyumba. Jumamosi nikashuka ziwani. Mwalimu alifunga zipu, ikapanda bila kusita. Nikapeleka mkono kiunoni nikavuta, kama alivyokuwa akivuta yeye. Vidole vikateleza. Nikajaribu upande wa pili. Hakukuwa na cha kushika.

Mwalimu aliniona, akageuka akajifanya anatafuta kitu kwenye mfuko wake. Halafu akaingia kwenye mtumbwi, akanifuata pembeni, nikaenda. Maji hayakuingia. Nilipita mitumbwi iliyotia nanga, nikaendelea mpaka mahali ambapo chini ni giza, na nilipogeuka nikaona ufukwe wote ulivyo mdogo: akina mama wanafua, vijana wanaosha pikipiki. Nikatafuta kitenge chake. Nilijua hayupo, nilikuwa nimemzika kwa mikono yangu, lakini nikatafuta kutoka mwisho mmoja wa ufukwe mpaka mwingine. Kisha nikarudi. Ndicho alichokitaka, mmoja wetu ajue kurudi, nami nikarudi.

Nilipanda kilima na nguo begani inanidondokea maji njia nzima. Nilipofika kwenye kibanja nikaitandaza juu ya msalaba wake, mikono miwili huku na huku, nikakaa chini. Ziwa likawa linadondoka tone kwa tone juu ya udongo wake. Shangazi alikuja kuniita nile, akaona, akarudi zake ndani.

Siku hizi ukija Kitendaguro hutapajua. Migomba ya upande wa chini ilikufa kwa ugonjwa wa mnyauko, sehemu ile ikauzwa, na ziwa sasa tunaliona kwa vipande kati ya nyumba za watu. Shangazi naye ameshafariki. Mtu hapimwi tena kwa kamba ya mgomba. Yapo majedwali ya vipimo kwenye simu, urefu, kifua, kiuno, unabonyeza tu. Na ile nguo bado ninayo sandukuni, ingawa mpira umeoza, umegandana, ukiikunjua inakatika vipande.

Binti yangu alipoona machozi hayaishi, akapiga magoti mbele yangu, yeye na nguo yake iliyombana. "Mama, usilie. Tuirudishe. Tuagize kubwa zaidi, nitakulia humo."

Nikamshika mikono. Nikaona kiganja changu kimeshakunjuka chenyewe kwenye kifundo chake, kidole gumba huku na kile kidogo kule, kinaongeza shibiri. Nikakikunja.

"Hapana," nikamwambia. "Simama nikupime upya. Tunaagiza ya leo, inayokukaa leo, na ukiizidi tutaagiza nyingine. Nataka kukuona nayo ziwani nikiwa bado nipo."